Watoto Wako Likizo: Maswali na Majibu Kuhusu Malezi, Ibada na Kazi za Mikono

Shule zinapokaribia kufungwa mwezi Desemba, maswali ninayoletewa hubadilika. Wazazi huacha kuniuliza kuhusu ada na daftari, na kuanza kuniuliza watoto watashinda vipi nyumbani kuanzia asubuhi hadi jioni, na namna gani kipindi hicho kitakuwa pia cha kuwalea katika imani. Nimechagua maswali sita ambayo majibu yake yanaweza kuwafaa wengi hapa Dodoma na wilaya za jirani.

Nina watoto wawili, wa miaka 3 na 6, na tumepanga chumba kimoja hapa Nkuhungu. Sina uwezo wa kununua midoli wala rangi za dukani. Naomba nielekezwe vitu tunavyoweza kutengeneza wenyewe.

Mama, anza na udongo, kwa sababu hauuzwi na hauishi. Udongo wa kichuguu, ambao watu wetu wameutumia miaka yote kufyatulia matofali na kukandikia kuta, ni laini na unashikana vizuri. Uponde, uuchekeche ili kuondoa mawe na vijiti, uunyunyizie maji kidogo kidogo huku ukiukanda, kisha uufunge kwenye kitambaa kibichi hadi kesho yake. Mtoto wa miaka 3 atatosheka kuviringisha vidonge na nyoka, lakini huyo wa miaka 6 atataka kutengeneza ng'ombe, kama watoto wa wafugaji wa Ugogo walivyozoea kufanya machungani, na hapo ndipo atakapokuhitaji. Pembe na miguu hubanduka kila mara. Mwoneshe kukwaruza kwa kijiti pale pembe inapokaa kichwani na kwenye shina la pembe yenyewe, apake udongo mwepesi kama uji katika sehemu zote mbili, kisha abane taratibu mpaka uji utokeze pembeni. Ng'ombe huyo akaushwe kivulini, kwa kuwa jua letu hukausha nje kabla ya ndani na kumpasua.

Wapo wanaopendekeza watoto wachezee unga wa ngano uliokandwa na chumvi. Mimi siupendekezi. Tunaishi katika mkoa ambao mvua zake ni za msimu mmoja tu na huwa hazitabiriki, na wazee wetu walirithishwa simulizi za Mtunya, njaa kubwa iliyoikumba Ugogo kati ya mwaka 1917 na 1920. Mtoto wa hapa afundishwe mapema kwamba unga ni chakula.

Gundi nayo haihitaji fedha nyingi. Vijiko vitatu vya unga wa muhogo au wa ngano, hata ule uliodondoka mezani usiofaa tena kuliwa, vikorogwe katika nusu kikombe cha maji baridi, kisha umiminie kikombe kimoja cha maji yanayochemka na uendelee kukoroga juu ya moto mdogo mpaka uzito uwe wa uji mzito. Itafaa kwa siku mbili au tatu, na inashika karatasi na vitambaa barabara.

Kuhusu rangi, Dodoma tumebarikiwa choya, yale maua mekundu ya kutengenezea juisi. Roweka konzi moja ya choya kavu katika maji moto yasiyozidi nusu kikombe, uache mpaka maji yawe mekundu ya kuiva. Ponda ncha ya kijiti iwe na nyuzi kama mswaki, na hiyo itakuwa brashi. Mtoto akishachora, chovya kijiti kingine kwenye maji yenye magadi kidogo na umruhusu adondoshe tone moja juu ya ule wekundu. Rangi itageuka mbele ya macho yake, kwanza zambarau, na magadi yakizidi itaelekea kijani cha kijivujivu; akidondoshea ndimu, wekundu unarudi. Usimweleze kabla. Mwache aone, aulize, na kama ninyi ni watu wa ibada hutakosa la kumwambia kuhusu Muumba aliyeficha mambo hayo ndani ya ua. Manjano ya jikoni itakupa rangi ya njano, na udongo mwekundu uliosagwa na kuchanganywa na gundi utakupa rangi ya matofali. Mweleze huyo mkubwa kwamba michoro ya miambani ya Kondoa, iliyoingizwa kwenye Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006, mingi imechorwa kwa rangi nyekundu iliyotokana na ardhi hiihii.

Wajukuu wangu huvunja betri za redio zilizokwisha ili wapate ule unga mweusi wa kuchorea. Mimi ni bibi yao, niko Kongwa. Je, kuna madhara?

Yapo, bibi yangu, na ninakusihi uwazuie leo. Unga ule si mkaa mtupu. Una manganizi na kemikali nyingine zinazounguza ngozi na kudhuru mwili zikimezwa au zikivutwa puani mara kwa mara. Najua kwamba mbao nyingi za darasani zilipakwa unga huo zamani, lakini mazoea hayo hayaufanyi kuwa salama. Wape mkaa wa kawaida uliosagwa ukachanganywa na gundi ya unga, nao utatoa weusi uleule.

Wakati uko kwenye jambo hilo, angalia pia mbegu wanazookota kwa ajili ya shanga. Zile mbegu ndogo nyekundu zenye kidoa cheusi, pamoja na mbegu za mbarika, zina sumu kali, na hatari huongezeka mbegu inapotobolewa au kutafunwa. Zitupwe kabisa. Mbegu za ubuyu hazina tatizo hilo, ila asipewe mtoto aliye chini ya miaka 3, kwani humkaba koo. Na mtoto akimeza betri bapa za saa au za rimoti, apelekwe hospitali saa hiyohiyo, hata kama anaonekana mzima.

Mwanangu wa miaka 4 hatulii kanisani. Mke wangu humpa simu aangalie katuni mpaka ibada iishe. Mimi sipendi, lakini sina njia mbadala. — Baba, Ipagala.

Baba, ninaelewa kwa nini mama huyo anatoa simu, kwa sababu ni yeye anayetazamwa na benchi zima mtoto anapopiga kelele. Kabla ya kuamua lolote, mwambie kwamba wiki ijayo mtoto atakaa upande wako.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2019, lilishauri kwamba mtoto wa umri huo asikae mbele ya skrini kwa zaidi ya saa 1 kwa siku nzima, na ibada zetu mara nyingi hupita saa hiyo. Lakini sababu yangu kubwa ni nyingine. Mtoto aliyeinamia katuni yuko nje ya kanisa hata kama amekaa ndani, maana haoni watu wakisimama, hasikii kwaya ikiingia na ngoma zake, wala hajui kwa nini bibi aliye mbele yake amefumba macho. Mambo hayo ndiyo ibada kwa mtoto wa miaka 4, ambaye mahubiri bado hayajamfikia.

Kaeni mbele, mahali anapoona. Nyumbani, Jumamosi jioni, mweleze kwa maneno machache kitakachotokea na ni lini atatakiwa kunyamaza. Mpe sadaka aishike mwenyewe na kuitoa kwa mkono wake. Kwa ajili ya mahubiri, mtengenezee mfuko mdogo wa vitenge, ambao utaupata kwa mabaki ya fundi cherehani yeyote wa Majengo au Sabasaba, na ndani yake uweke vitu visivyolia: kipande cha kitambaa chenye vifungo vikubwa na vishimo vyake ili avifunge na kuvifungua, nyuzi tatu nene zilizofungwa pamoja ili ajifunze kusuka, na karatasi na penseli. Mfuko huo ufunguliwe kanisani tu, la sivyo utamchosha kabla ya Jumapili ya tatu. Mkirudi nyumbani, mwombe akuoneshe alichochora, na umuulize maswali juu yake kwa uzito uleule ambao ungempa mtu mzima. Akishindwa kabisa kutulia, toka naye nje dakika chache bila kumfinya, kisha mrudi.

Assalaam alaykum. Binti yangu wa miaka 7 anataka kufunga Ramadhani ijayo. Baba yake anasema bado mdogo. Nifanyeje asivunjike moyo? — Mama, Kondoa.

Waalaykum salaam, dada yangu. Baba yake hajakosea, kwa kuwa saumu humlazimu aliyebaleghe, na kwetu huku, kutoka alfajiri hadi magharibi, ni kama saa 13 bila tone la maji. Nawe hujakosea kutaka kuilinda hamu yake. Rubayyi' binti Mu'awwidh, sahaba wa kike wa Mtume, Allah amridhie, amesimulia katika hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim kwamba wao waliwafungisha watoto wao siku ya Ashura, yaani siku ya kumi ya mwezi wa Muharram, na kuwatengenezea vitu vya kuchezea vya sufu. Mtoto akililia chakula walimpa kitu hicho mpaka ufike wakati wa kufuturu. Ninaipenda sana hadithi hii, kwa sababu inaonesha kwamba akina mama hao hawakumwachia mtoto njaa yake peke yake. Walitengeneza kitu kwa mikono yao ili kumsaidia.

Kwa hiyo anza naye kwa nusu siku, hadi adhuhuri, na siku nyingine hadi alasiri ikiwa hakuna jua kali na ana nguvu. Akihisi kizunguzungu au kichwa kikimuuma, afungue, apongezwe kwa alipofikia. Mtoto mwenye sikoseli au kisukari asijaribu bila kauli ya daktari.

Kabla ya mwezi kuandama, shoneni pamoja kitambaa chenye vijifuko 30, kila kimoja kikiwa na karatasi yenye jambo jema la siku hiyo: kupeleka bakuli la futari kwa jirani, kumfulia bibi kanga, kujifunza dua ya kufungua, kumsamehe mdogo wake. Ikitokea mwezi umeonekana jioni ya siku ya 29, kijifuko cha mwisho kitabaki hakijafunguliwa, naye ataelewa bila somo refu kwamba mwezi wa Kiislamu huwa na siku 29 au 30. Na mtengenezee mwanasesere wa matambara wa kushika ile saa ngumu ya mwisho, kama walivyofanya wenzetu wale.

Tunataka kutengeneza shada la Majilio, kipindi cha Jumapili nne kabla ya Krismasi, na watoto mwaka huu. Tutumie majani gani, na linatokana na nini?

Mwarobaini unatosha, kwa kuwa unapatikana karibu kila mtaa wa Dodoma na haupotezi ukijani wake wakati miti mingine imepukutika. Zungusha waya kuwa duara, fungieni vitawi, na badala ya kusimika mishumaa kwenye majani, isimikeni kwenye sinia lenye mchanga katikati ya duara. Majani makavu na moto havikai pamoja. Mtu mzima ndiye awashe, na mtoto azime. Wakatoliki na baadhi ya makanisa mengine hutumia mishumaa mitatu ya zambarau na mmoja wa waridi, ambao ni wa Jumapili ya tatu. Asili ya shada kama tunavyolijua ni Hamburg, Ujerumani, ambako mwaka 1839 mchungaji wa Kilutheri Johann Hinrich Wichern alitundika gurudumu lenye mishumaa kwa ajili ya watoto maskini aliowalea, waliokuwa wakiuliza kila siku kama Krismasi imefika.

Mtoto wangu wa kiume, miaka 8, anapenda kukaa na dada yake wanaposhona. Ndugu wa mume wangu wanacheka. Nimwondoe?

Usimwondoe. Waulize hao wanaocheka ni nani aliyewashonea suruali walizovaa, kwani vibaraza vya masoko yetu vimejaa wanaume wenye cherehani, na wamesomesha watoto kwa kazi hiyo. Mpe sindano nene isiyo kali sana na uzi wa rangi tofauti na kitambaa ili aone mishono yake, na aanze na vifungo vilivyong'oka kwenye mashati yake ya shule kabla ya kufungua mwezi Januari.