Kabla hujamlipa wakili wa kesi ya jinai

Mdogo wangu alikamatwa Ijumaa jioni akiwa kazini, kwenye stoo moja hapa Dar es Salaam. Mzigo ulikuwa umepungua, yeye na wenzake wawili wakashikiliwa kwa wizi. Jumatatu asubuhi tulikuwa nje ya mahakama ya wilaya, hatujalala, hatujui hata pa kuanzia. Akatujia bwana mmoja mwenye suti na faili kwapani. Akasema yeye ni wakili, karani anamjua, hakimu anamjua, tumpe laki tatu na mtoto atatoka siku hiyohiyo. Mama akafungua fundo la khanga yake akatoa.

Mtoto hakutoka. Yule bwana alikuwa kishoka, mtu anayejifanya wakili.

Ninaandika haya kwa ajili ya mama mwingine atakayesimama pale. Mahakama ya Tanzania ina mfumo unaoitwa e-Wakili. Ukiandika jina la mtu, unaona kama ni wakili na kama leseni yake iko hai. Leseni huhuishwa kila mwaka, kwa hiyo hata aliyekuwa wakili kweli anaweza asiwe na ruhusa ya kusimama mahakamani leo. Muulize jina lake kamili kabla hujamweleza shida yako. Akisita kulitaja, achana naye.

Wakili tuliyempata baadaye alielekezwa kwetu na jirani. Wakili huyo alikuwa amesimamia kesi ya mtoto wa jirani huyo mpaka hukumu. Hakuanza na habari ya fedha. Aliomba hati ya mashtaka, akaisoma mara mbili, kisha akauliza washtakiwa wako wangapi.

Swali hilo ndilo lililotuokoa. Mzigo uliodaiwa kuibwa ulitajwa kuwa wa shilingi milioni 24. Sheria iliyotumika kwenye kesi yetu ilisema mali ikizidi milioni 10, mshtakiwa hapati dhamana mpaka aweke nusu ya thamani yake, kwa fedha taslimu au mali kama hati ya kiwanja, na nusu iliyobaki aifungie bondi, yaani ahadi ya maandishi ya kuilipa akikiuka dhamana. Kishoka alikuwa ametutuma tukatafute milioni 12. Wakili akatueleza kwamba Mahakama ya Rufani ilishaamua kuwa washtakiwa wakiwa zaidi ya mmoja, kiasi hicho wanagawana. Yetu ikawa milioni 4. Hati ya kiwanja cha baba mdogo ikatosha.

Kwa hiyo mpime wakili kwa maswali anayokuuliza, na kwa mabaya anayokwambia mapema. Wetu alisema wazi kwamba kama shtaka lingekuwa unyang'anyi wa kutumia silaha au utakatishaji fedha, dhamana isingekuwepo kabisa. Anayekuahidi dhamana kabla hajaiona hati ya mashtaka anakudanganya.

Muulize pia nani atafika mahakamani siku ya kusikilizwa, yeye au mtu wa ofisini kwake. Ada inaishia wapi: kwenye hukumu, au na rufaa imo? Andikishaneni, na udai risiti.

Mkipata nafasi, mpate wakili ndugu yenu akiwa bado polisi. Sisi tulichelewa. Mdogo wangu alitia sahihi maelezo ya onyo, yale ambayo polisi humwandika mshukiwa baada ya kumwonya, bila kuyasoma vizuri kwa sababu ya hofu, na kuyapinga baadaye mahakamani kulituchosha kuliko jambo jingine lolote.

Halafu mwambieni wakili ukweli wote. Mdogo wangu alificha kwamba usiku ule alimwazima mwenzake funguo za stoo. Aliona aibu. Wakili akalisikia kwa mara ya kwanza kutoka kwa shahidi wa pili wa Jamhuri, yaani upande wa mashtaka, hana swali aliloliandaa. Unachomwambia wakili wako kuhusu kesi ni siri inayolindwa na sheria. Hakuna sababu ya kumficha.

Na kama fedha hakuna, msimkimbilie kishoka kwa sababu ya unafuu wa bei. Ipo Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Mshtakiwa asiye na uwezo anaweza kumweleza hakimu hali yake, na hakimu akiona haki inahitaji hivyo, anaweza kuagiza apatiwe msaada huo. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu nacho hutoa msaada wa kisheria bure. Nendeni na nakala ya hati ya mashtaka na tarehe ya kesi, mapema, si asubuhi ya siku ya kusikilizwa.