Barua kwa mwanangu: mswada wako una mwenyewe

Kirumba, Mwanza

Mwanangu Neema,

Sisi hatujambo, ila umeme unatusumbua, na steshenari bila umeme ni meza na viti tu. Umeniuliza kama umtumie yule mchapishaji mswada wako kabla hujausajili COSOTA, ile ofisi ya hakimiliki, maana rafiki yako amekutisha kwamba kazi isiyosajiliwa haina mwenyewe.

Inaye. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inailinda kazi tangu inapoandikwa, hata kama bado iko kwenye daftari chini ya godoro. Usajili unakupa ushahidi siku mtu akikubishia; haki yenyewe unayo tayari. Sajili ukipata nafasi, lakini usimkawize mchapishaji kwa ajili hiyo. Tunza rasimu zote, hata zilizojaa wino mwekundu, na mtumie kwa barua pepe ili tarehe ibaki.

Wazo tu ndilo halina ulinzi. Yule binti wa hadithi yako, wa Ukerewe, anayerithi mtumbwi wa baba yake, mwingine anaweza kumwandika kesho na hujaibiwa. Akinakili sentensi zako, hapo una kesi.

Mimi ninayeshinda nikichapa kazi za watu najua zinapovujia. Mtu anachomeka flashi, anatoa nakala, anaondoka. Faili linabaki kwenye kompyuta ya kila ajaye. Futa kabla hujainuka. (Hapa kwangu nafuta mwenyewe kila jioni, wateja wananicheka.)

Ninachokiogopa zaidi ni mkataba, kwa sababu huko haki inaondoka kwa saini yako mwenyewe. Angalia kama unampa ruhusa ya kuchapa kitabu tu, au unamwachia vyote: tafsiri, filamu, redio. Ulinzi unadumu maisha yako yote na miaka 50 baada ya kufa kwako, kwa hiyo unaweza kusaini hata vya wajukuu wangu. Mrabaha, yaani fungu lako la mauzo, uandikwe ni asilimia ngapi na unalipwa lini.

Lakini usiufungie mswada kabatini. Aniceti Kitereza, wa hapo Ukerewe, alimaliza riwaya yake ya Kikerewe mwaka 1945. Ilitoka kwa Kiswahili mwaka 1980, naye akafariki mwaka uliofuata. Hakucheleweshwa na wezi, alikosa wa kumchapisha. Wewe umempata, halafu unamkimbia?

Tuma. Mkataba ukija, nipigie picha kila ukurasa kabla hujashika kalamu, na usinirukie yale maandishi madogo ya mwishoni.

Mama yako