Nyumba mbili mtaa wa kale, bei mbalimbali: pima hivi

Ndugu, umesema nyumba mbili za mtaa mmoja wa kihistoria zinalingana ukubwa, lakini bei zinapishana kwa theluthi, na hujui ipi imezidishwa. Gawanya kila bei kwa mita za mraba za ndani, bila ua. Kisha linganisha na nyumba tatu hadi tano zilizokwisha kuuzwa hapo karibu ndani ya miezi 12. Bei ya tangazo ni ombi tu. Tangazo lililoshushwa bei mara mbili lina sababu. Uliza.

Sasa ukuta, maana hapo ndipo pesa hupotelea. Kuta nyingi za kale zilijengwa kwa chokaa, ambayo huachia unyevu utoke. Zikipigwa plasta ya saruji na rangi ya plastiki, unyevu hunaswa ndani, plasta hubanduka na ncha za boriti huoza. Kwa hiyo "imekarabatiwa upya" si sifa kila mara. Kagua mita moja ya chini ya kila ukuta, utafute dalili za unyevu: chumvi nyeupe, harufu ya uvundo, rangi mbichi sehemu moja tu. Mwenye nyumba akikuruhusu, choma boriti kwa bisibisi pale inapoingia ukutani. Ikizama kirahisi, imeoza au imeliwa na mchwa.

Kabla ya kutoa arubuni, mwanasheria ahakiki hati. Ulizia pia mamlaka ya uhifadhi kama mabadiliko ya madirisha na paa yalipata kibali, kwa sababu kosa la mwenye nyumba wa awali linaweza kukuangukia wewe. Ukiona ufa wa mshazari, au mpana kuliko milimita 5, mwite kwanza mhandisi wa majengo.