Ni siasa au ni yeye mwenyewe?

SWALI: Anti shikamoo, kaka yangu akilipwa Ijumaa, Jumatatu anakopa nauli, halafu lawama zote kwa serikali. Mi namwambia masikini ni mtu asiyejituma tu, nimekosea?

JIBU: Marahaba mwanangu, hapo kwenye kujituma umeteleza. Angalia Korea, watu walewale lugha ileile, wakagawanywa 1945, leo kusini wanauza simu na magari dunia nzima na kaskazini chakula chenyewe shida, sasa nusu nzima ni wavivu? Hata akiba, bei zikipanda asilimia 10 kila mwaka, hela ya kwenye kibubu inabaki nusu ya nguvu yake ndani ya miaka 7 hivi na hakuna aliyeiiba. Ila hela ya Ijumaa kuisha Jumatatu, jamani, hiyo serikali imemfanyaje? Muulize wikiendi anakuwaga wapi.