"Mama, mbona wewe hupokei?" Kulea watoto Kikatoliki hapa Dar

Tumsifu Yesu Kristu, dada uliyeleta mada.

Nimesoma swali lako mara mbili. Mwanao ana miaka tisa, yuko kwenye mafundisho ya Komunyo ya Kwanza, kila Jumapili anagoma kuamka, baba yake naye anabaki nyumbani, na unauliza ufanye nini au umhamishie shule ya masista. Wengi waliotangulia wamekuambia mpeleke kwa masista, yataisha. Mimi nimesomesha mmoja huko na wawili shule za kawaida, kwa hiyo naomba nikujibu kwa urefu, maana jambo hili limepita mwilini mwangu.

Nina watoto watatu. Tunakaa Kimara, nauza vitenge Kariakoo. Wa kwanza alipoanza mafundisho nilifanya wanavyofanya wazazi wengi: nikamnunulia daftari na katekisimu, nikamkabidhi kwa mwalimu, basi. Jumamosi anasindikizwa na dada wa kazi, mimi niko dukani. Alikuwa anakariri vizuri mno. Amri kumi, sakramenti saba, sala ya kutubu, zote kichwani. Paroko alipowahoji alijibu bila kusita, na mimi nikaona nimemaliza kazi.

Wiki moja kabla ya Komunyo tulikuwa jikoni usiku. Umeme umekatika, mimi nachagua mchele kwenye ungo, yeye kakaa kwenye kigoda ananimulikia kwa tochi ya simu. Akaniuliza, "Mama, mbona wewe hupokei?" Nikajifanya sijasikia. Akasema tena, "Mwalimu anasema ukipokea, Yesu anakaa ndani yako. Wewe na baba kila siku mnabaki kwenye benchi. Kwani Yesu hawataki?"

Mkono wangu ulisimama ndani ya ungo. Ukweli ni kwamba mimi na baba yake tulikuwa tunaishi pamoja mwaka wa kumi na moja bila ndoa ya Kanisa, na anayeishi hivyo haruhusiwi kupokea Komunyo. Mahari haikuwa imeisha, ikaja mimba, ikaja kodi ya nyumba, zikaja ada, tukazoea. Ukikaa jumuiyani, kwenye kikundi cha Wakatoliki majirani wanaosali pamoja, unajua hali hii si ya nyumba moja. Watoto tuliwabatiza, mwenyekiti wa jumuiya akatuandikia barua, na siku ya ubatizo padre akatuuliza mbele za watu kama tunaupokea wajibu wa kuwalea katika imani. Tukaitikia kwa sauti. Halafu kila Misa, watu wakipanga mstari wa kupokea, mimi nasogeza magoti pembeni wapite.

Nilimjibu, "Yesu anatutaka, mwanangu. Sisi ndio tumechelewa." Usiku ule nikamweleza baba yake neno kwa neno alivyoniuliza. Hakusema kitu. Siku ya tatu, anafunga viatu kwenda kazini, akaniuliza cheti changu cha ubatizo kiko wapi.

Hatukuwahi Komunyo ya mtoto. Alipokea sisi tumekaa. Alirudi kapiga mikono pamoja, akapita karibu kabisa na benchi letu, macho chini, nikatamani kumgusa shati tu. Iliniuma, sikufichi. Ndoa ilichukua miezi saba: vyeti vipya vya ubatizo, changu kutoka Rombo na cha mume wangu kutoka Mahenge, semina za jioni, matangazo Jumapili tatu mfululizo, na kitubio, yaani kuungama dhambi kwa padre, ambacho mume wangu alikuwa hajakikaribia tangu Kipaimara. Tulifunga kwenye ndoa za pamoja, jozi tisa siku moja. Hakukuwa na ukumbi wala kadi za mchango. Wanajumuiya walikuja na masufuria yao wakapika pilau uani kwetu. Tulipopanga mstari wa kupokea, yule mtoto aliacha nafasi yake na kuja kusimama katikati yetu.

Tangu hapo sijawahi kumlazimisha kwenda Misa.

Sisemi kwako kuna jambo kama letu. Nasema kabla hujamgusa mtoto, mwulize baba yake taratibu, mkiwa wawili, kwa nini habari ya kanisani imemchosha. Mwanaume wa miaka arobaini hakai nyumbani kila Jumapili kwa sababu ya usingizi tu. Inawezekana kuna jambo aliambiwa na mtu wa kanisani likamkwaza, inawezekana kuna deni la mchango anaona aibu, inawezekana kuna dhambi anaona haisameheki. Mtoto wa miaka tisa hajui hayo yote, anachoona ni kwamba wanaume wakikua wanaruhusiwa kuacha. Na kwa mtoto wa kiume hilo ni somo kubwa kuliko la katekista.

Kuhusu shule ya masista: ni nzuri, wa pili wangu alisoma huko, nidhamu aliipata. Ila Kanisa lenyewe halijawahi kusema kazi hii ni ya shule. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mkutano mkuu wa maaskofu, mwaka 1964, uliita familia kanisa la nyumbani na wazazi watangazaji wa kwanza wa imani kwa watoto wao. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 914, inapozungumzia kuwaandaa watoto kwa Komunyo inawataja wazazi kwanza, ndipo inamtaja paroko. Mimi hiyo kanuni nilisomewa kwenye semina ya ndoa, nikiwa nimeshamaliza kumwandaa mtoto kwa kumwachia mwalimu.

Sasa, nyumbani tunafanya nini? Mambo madogo, kwa sababu maisha ya Dar hayaruhusu makubwa. Basi la shule linapita saa kumi na moja na nusu alfajiri, mimi narudi kutoka Kariakoo saa mbili usiku. Nilijaribu rozari nzima kila jioni, ikafa ndani ya wiki mbili. Wadogo walikuwa wanasinzia, mimi napandisha sauti, sala ikageuka ugomvi. Tukapunguza hadi tendo moja tu la rozari, yaani Baba Yetu na Salamu Maria kumi, na anayeongoza ni mtoto, kwa zamu. Mdogo wetu alianza kuongoza akiwa na miaka mitano, akihesabu kwa vidole. Kuna siku alitupa Salamu Maria kumi na tatu na hakuna aliyemkatiza.

Asubuhi nikimaliza kumpaka mtoto mafuta usoni, kidole gumba kilekile chenye mafuta nampigia alama ya msalaba kwenye paji la uso. Ndiyo sala yetu ya asubuhi, nyingine hatuna. Siku moja nilichelewa, basi likapiga honi, wa pili akakimbia. Akafika getini, akarudi mbio na begi linamruka mgongoni, dereva anafoka. "Mama, hujaniweka msalaba." Wa kwanza sasa yuko kidato cha tatu, ana maswali mengi kuhusu dini ambayo mengine nampeleka kwa padre kwa kuwa siyawezi, na kuna Jumapili anakwenda Misa kanuna. Lakini kila asubuhi anainama, maana kanipita urefu.

Jumuiya ndogondogo ndiyo hazina ambayo wazazi wengi wa mjini tunaichezea. Tunadhani ni ya akina mama na wazee, tunatuma mchango kwa simu. Mchukue mwanao. Jumamosi saa kumi na mbili na nusu alfajiri, mkekani, kwenye uwanja wa jirani, anasikia Injili ya Jumapili ikisomwa na fundi gereji, na mama muuza samaki akieleza imemgusaje. Mpe kazi. Wangu walianza kwa kubeba mkeka, kisha kushika kikapu cha sadaka, kisha kusoma somo. Mtoto mwenye kazi hagomi, kwa sababu anajua asipokuwepo pengo litaonekana. Walipofiwa jirani zetu, watoto wangu waliona jumuiya ileile iliyosali kwenye mkeka ikichota maji, ikikodi viti, ikilala msibani siku tatu. Hakuna maelezo ya upendo wa jirani niliyowahi kuwapa yaliyofikia hapo.

Parokiani kwenu ulizia Utoto Mtakatifu, chama cha kimisionari cha watoto. Ulianzishwa mwaka 1843 na askofu Mfaransa, Charles de Forbin-Janson, na aliwaomba watoto jambo jepesi: Salamu Maria moja kila siku na senti kidogo kila mwezi kwa ajili ya watoto wenzao wa mbali. Nilichobadilisha nyumbani kwa ajili hiyo ni kwamba siwapi tena sarafu ya sadaka mlangoni mwa kanisa. Inatoka kwenye kibubu cha mtoto mwenyewe.

Mwambie pia habari za somo wake, mtakatifu mwenye jina lake. Wa pili wangu anaitwa Kizito. Nilipomweleza kwamba Kizito wa Uganda alikuwa kijana wa miaka kama kumi na minne tu, kwamba shahidi mwenzake Karoli Lwanga alimbatiza usiku wa kuamkia siku waliyohukumiwa, na kwamba alichomwa moto kwa ajili ya imani yake huko Namugongo tarehe 3 Juni 1886, alikaa kimya, akauliza kama mama yake alikuwepo. Sikujua la kumjibu. Sikukuu yake haijawahi kumpita tena. Na ukipata siku nenda nao Pugu, kituo cha hija. Si mbali, pale watawa Wabenediktini walianza misheni mwaka 1888 na wengine wakauawa Januari 1889. Watoto wetu wanadhani imani ilitoka Ulaya ikatua tu. Wakiisali Njia ya Msalaba wakiwa wamesimama kwenye ardhi ile, wakitokwa na jasho, wanauliza maswali ya maana.

Jambo la mwisho, na kwangu ndilo gumu. Ukimkosea mtoto, mwombe msamaha kwa maneno. Nilimpiga wa kwanza kwa pesa iliyopotea, kumbe niliiweka mwenyewe kwenye mkoba mwingine. Nilipiga magoti mbele yake nikamwomba radhi. Jumamosi ile tulipanga foleni ya kitubio wote wawili, mimi mbele, yeye nyuma, na aliijua dhambi yangu.

Kwa hiyo Jumapili hii usimvute shuka. Anza Jumamosi jumuiyani, mbebeshe mkeka, na jioni kaa na baba yake umsikilize bila kumjibu. Kisha rudi utuambie imekuwaje, tutaendelea kuwaombea.