Mama Hakuja Uingereza Kutazama Ukuta

Juzi dada mmoja wa Birmingham ameniandikia. Mavyaa wake amekuja kutoka Tanga kwa viza ya matembezi, na kutwa yuko kwenye kochi akingoja wajukuu watoke shule. "Dada, nimpeleke wapi kwa siku moja nisifilisike?" Nimemjibu kwa ufupi, lakini swali lile limenikalia moyoni, maana na mimi yalinipata, na kuna sehemu yake hadi leo inaniuma.

Kiangazi kilichopita mama alikuwa kwangu hapa Bristol. Mama ni mtu wa Lamu, Mkomani, kazaliwa anasikia bahari. Wiki za mwanzo alijitahidi: akapika, akafagia palipofagiwa, akakaanga mahamri mpaka king'ora cha moshi kikalia. Kisha akanyamaza. Siku moja akaniuliza, kwa upole wa kutisha, "Na bahari ya huku iko wapi?" Nikamwonyesha mto wetu maji yamekupwa. Akautazama ule udongo, akarudi ndani.

Ndipo nikachagua Clovelly. Ni kijiji cha pwani ya kaskazini ya Devon, kimening'inia kwenye mteremko wa jabali. Kutoka juu hadi gatini kuna mshuko wa kama mita 120, na njia kuu ni moja tu, imetandazwa mawe ya duara, gari haipiti. Mizigo hushushwa kwa sleji, zile za kuburuta: chakula, friji, kochi, kila kitu. Zamani kazi ilikuwa ya punda. Na kijiji kizima ni mali ya familia moja tangu mwaka 1738; wakazi ni wapangaji, nyumba haziuzwi. Kwa hiyo mgeni anakata tiketi pale juu kabla ya kuteremka. Mji wa mawe, vichochoro, punda, mashua: nikajua mama atakuwa kwao.

Sasa nifike kwenye kidonda. Tulikubaliana na familia moja, watu wetu kabisa, tukodi gari la viti tisa tugawane. Mimi nikalipa, wao watanirudishia. Usiku wa kuamkia safari, saa tatu, nimeshafunga vyakula, ujumbe unaingia: "Sis, tumepata dharura, tusameheane." Kesho yake dharura yao nikaiona kwenye picha, wanachoma nyama bustanini kwa mtu. Pesa ya gari haikurudi, ya kwao pia sikuiona, na tukikutana hunikumbatia kama hakuna kitu. Haya, na mimi nawakumbatia.

Basi ushauri wangu wa kwanza, na ukisahau mengine yote shika huu: pesa mkononi kabla ya kukodi. Usione haya. Anayekuambia "tutaelewana" hajapanga kwenda. Sisi ugenini tumezoea kuchangishana kwa harusi na kwa maiti, tukifika kwenye raha ya watoto wetu kila mtu ana dharura. Ukikosa wa kugawana naye, kodi gari dogo uende na wako.

Njiani hakuna la kusimulia. Barabara ya M5, foleni, mdogo akatapika, M5 tena. La maana ni kwamba tulitoka saa kumi na mbili asubuhi, tukafika kabla ya mabasi ya watalii, na ile njia nyembamba ikawa yetu. Toka mapema. Mkiondoka saa nne na watoto siku ya Jumamosi ya likizo, siku yenu mtaimalizia barabarani.

Pale juu mama alisimama akaangalia chini. Nyumba nyeupe zimebebana, maua madirishani, bahari kama imesimama wima mwisho wa njia. Akasema, "Mwanangu, ndia yashuka hii. Kupanda je?" Nikamwambia kupanda kuna gari, wewe shuka. Kwa sababu hilo nilishaliulizia. Kuna Land Rover inayopita njia ya nyuma kuanzia msimu wa Pasaka hadi Oktoba, unalipa kidogo inakurudisha juu. Kwa mwenye mzazi wa magoti mabovu hiyo ndiyo habari ya kutafuta kabla ya nyingine zote: atarudije? Watu tunapanga kwenda, kurudi tunamwachia Mungu. Na kigari cha mtoto usikipeleke, mawe yale yatakitoa magurudumu. Mdogo wangu nilimbeba mgongoni kwa leso, Wazungu wakatutazama, tukawasalimia.

Mama alishuka mkono mmoja ukutani, polepole. Kila palipo na sleji imeegemezwa mlangoni alisimama, akaipindua, akaangalia chini imelika vipi. Tukafika kwa punda. Siku hizi hawabebi kitu, ni wa kupigwa picha na kupandisha watoto. Mama hakupiga picha. Alimwendea mmoja, akampapasa mgongoni akitafuta kidonda cha shogi, akamshika sikio, akainama kutazama kwato. Kisha akatoa hukumu: "Mzima. Lakini kanenepa, hana kazi huyu." Mtunzaji akaniuliza kasema nini, nikatafsiri, yule bwana akacheka mpaka akashika mlango. Wakaanza kuzungumza, mimi katikati mkalimani: Lamu punda anabeba mchanga kiasi gani, anapumzishwa saa ngapi, mvua ikinyesha unafanyaje na kwato.

Hapo nikamwambia mama jambo ambalo hakulijua. Ile hospitali ya punda ya Lamu, iliyoanzishwa 1987, ambayo majirani zetu wamepeleka punda wao kutibiwa bila kutoa senti, wenyewe makao yao ni Sidmouth, pwani ya kusini ya Devon hii hii tuliyosimama. Aliyeianzisha, Elisabeth Svendsen, alikuwa Mwingereza. Mama akashika shavu. "Kumbe ndiko kwao!" Toka hapo Uingereza ikawa na maana nyingine kwake, akaanza kuulizia kila kitu.

Watoto wangu je? Kwa wiki zote zile Bibi alikuwa mtu wa kuulizwa chakula kiko wapi. Siku ile waliona Bibi anajua mambo. Tulipofika gatini, kwenye ule ukuta wa mawe wa karne ya 14, maji yalikuwa yametoka kabisa na mashua zimelala ubavu. Mwanangu mkubwa akadhani zimeharibika. Bibi akamkalisha, akamweleza bamvua na maji mafu, yaani siku za maji makubwa na siku za maji madogo, na kwa nini nahodha haangalii saa ya mkononi peke yake. Mlango ule wa bahari wa Bristol una kupwa na kujaa kukubwa kuliko karibu kote duniani, kwa hiyo mwalimu na ubao wake walikutana. Ukienda, tazama jedwali la maji mtandaoni usiku wa kabla. Maji yakipwa watoto wanapata pa kuchezea penye kokoto. Yakijaa mnabaki ukutani.

Chakula beba. Nasema tena: beba chakula. Samaki wa kukaanga wapo, lakini uliza mafuta yamekaangia nini kabla, na mara nyingine ni mafuta ya mnyama. Sisi tulikuwa na viazi karai, sambusa, mahamri na chupa ya chai. Beba na chupa ya maji ya kustanji, hakuna choo cha huku kitakachokufikiria. Beba koti hata kama ni Julai. Kitu kimoja tulichonunua ni skonzi na malai yao mazito na jemu. Devon hutanguliza malai, jirani zao wa Cornwall hutanguliza jemu, na wanagombana kweli kweli. Mama alipaka vyote pamoja akavikoroga. Adhuhuri tukaikusanya na alasiri, tukapunguza, tuko safarini.

Niliporusha picha kundini, mtu akaandika: "Mmelipa kiingilio kuona punda? Si Lamu ni bure?" Wakacheka, kumi na ngapi hivi. Sikujibu. Leo najibu. Hao wanaocheka nawajua, wana mama zao ndani. Mnawakatia tiketi, mnawaandikia barua ya mwaliko, halafu mnawakabidhi watoto na rimoti na mnakwenda kazini miezi sita. Tuseme ukweli, mmeleta yaya asiyelipwa. Akirudi nyumbani anaulizwa London ikoje, na yeye anachokijua ni rangi ya zulia lenu. Mzazi amekulea kwa jua kali, siku moja ya petroli ndiyo inakushinda? Likizo mnaombea harusi za watu, za mama mnasema kazini kugumu. Mcheni Mungu.

Dada wa Birmingham, kwako Clovelly ni mbali kwa siku moja na mtu mzima. Mpeleke Llandudno, kaskazini ya Wales. Njia ya ufukweni ni tambarare, pana, viti vimejaa, magoti hayatalalamika. Kuna tramu ya tangu 1902 inayopanda mlima wa Great Orme, mnabadilisha tramu mara moja katikati, mengine mama anakaa tu anavutwa hadi juu. Panda ya asubuhi, mchana foleni inakuwa ndefu, na mkalishe upande wa dirisha. Wifi yako akisema na yeye anakuja, mwambie atume pesa Jumatano.