Kimondo kimepita au kimeanguka?

SWALI: Mwalimu, tulikuwa Mama Ngina, ufuoni Mombasa, usiku tukila mihogo, mara moto wa kijani ukakata mbingu upande wa Likoni, ukamulika bahari, ukazimika. Mmoja wetu akapiga kelele, "Nyota yaanguka!" Mwengine akashikilia kuwa ni nyota mkia. Mimi nikaandika kwenye grupu la mtaa kwamba kimondo kimeanguka Likoni, wakanikosoa. Nimekosea wapi? — Msomaji, Kisauni

JIBU: Jina umelipata. Kilichokuponza ni kitenzi.

Nyota mkia tuiondoe mapema. Hiyo haipiti mara moja ikatoweka. Huonekana usiku baada ya usiku, kama ile ya Halley iliyokuja 1986 na inayotarajiwa tena 2061. Na "nyota yaanguka" ni msemo wa barazani, simkatazi mtu kuusema, ila kwenye habari ya kuandikwa tumia kimondo (kamusi za zamani zina pia kimwondo). Ngeli yake ni KI-VI: kimondo kimepita, vimondo vimepita.

Sasa kitenzi chenyewe. Kiswahili kina jina hilohilo kwa mwanga unaopita angani na kwa jiwe lililolala ardhini. Kimondo cha Mbozi, kule Songwe nchini Tanzania, ni pande la chuma lenye uzito unaozidi tani 10. Watu huenda kukishika kwa mikono, wala hakiwaki. Kwa hivyo kitenzi ndicho kinachomjulisha msomaji unazungumzia kipi. Kupita, kuwaka na kuzimika ni mambo ya mwanga. Kuanguka ni kwa jiwe. Mnamo Julai 16, 2011, kimondo kilianguka eneo la Thika, na hapo kitenzi kina haki yake, kwa sababu mawe yaliokotwa. Je, huko Likoni nani ameokota nini?

Wala macho si ya kuaminiwa sana hapa. Mwanga wa kimondo huanza kuonekana kwenye kimo cha kilomita 100 hivi, na mara nyingi huzimika ukiwa bado makumi ya kilomita juu. Unachodhani kimezama nyuma ya minazi huenda kilikuwa mbali kabisa, juu ya Bahari ya Hindi. Ungeandika "kimondo kimepita upande wa Likoni," hakuna ambaye angekugusa. Waandishi wengine hupenda "kimetua". Hapana, kutua tuwaachie ndege na eropleni, wenye kujua wanakokwenda.

Kuhusu ukubwa: wanafalaki huvitenga vimondo vinavyoishinda Zuhura kwa mng'ao na kuvipa jina la pekee. Sisi "kimondo kikubwa" chatutosha. Anayetaka kukiita jimondo sina ugomvi naye, kisu si huzaa jisu? Lakini akishabadili jina abadili na upatanisho: jimondo limepita, si jimondo kimepita.